Nyumba ya kukimbilia ya wamama: ndege, majani na mchwa wanatufundisha nini?



Katika somo hili tutaongea juu ya nyumba. Si nyumba ya matofali na mabati yenye kudumu miaka mingi, lakini nyumba ya haraka, ile inajengwa kwa siku moja kwa sababu watu wamekimbia na usiku unakuja. Tena tutaiangalia kwa upande wa mwanamke, maana yeye ndiye analala ndani yake pamoja na watoto, na yeye ndiye anapata taabu ya kwanza kama imejengwa vibaya.

Siku hizi maarshitekti wa inchi nyingi wanasema kama wanataka kujenga kwa kufuata viumbe: majani, viota, vichuguu, masega ya nyuki. Ni wazo zuri, na wazee wetu walilijua zamani. Lakini mara nyingi wanaiga sura tu. Wanachora paa kama jani, ukuta kama sega, picha inapendeza macho, kisha unauliza: mlango unafungwa namna gani? Hakuna jibu. Sisi tutaanza na swali lile. Kila kiumbe tutakiuliza: wewe ukijificha, unamzuia nani asiingie, na chakula unakipata namna gani huko ndani?

MAJANI YA MONGONGO

Tuanze karibu, katika pori la Ituri. Kwa Wambuti, kujenga nyumba ni kazi ya wamama. Wakifika mahali pa kambi mpya, mwanamke anakata fito nyembamba, anazichimbia katika udongo kwa mzunguko, anazipinda mpaka vichwa vyake vinakutana, anazisuka pamoja. Sasa anachukua majani makubwa ya mongongo. Anapasua kikonyo cha kila jani, anakitundika kwa fito, akianza chini na kupanda juu, ili jani la juu lifunike kichwa cha jani la chini. Maji ya mvua yanashuka kutoka jani kwa jani na hayaingii. Kabla ya jua kushuka nyumba imekwisha.

Juu ya nini nyumba ile haianguki? Fito iliyopindwa inataka kunyooka tena, lakini imefungwa pande zote mbili, basi nguvu yake yenyewe inaikaza nyumba. Uzito wa majani unafuata upinde mpaka chini, hauvunji mahali pamoja. Upepo nao haupati ukuta wa kusukuma, unateleza pembeni. Wale wanafunzi wanaosoma fizika wachukue fito mbili, moja wailaze juu ya mawe mawili, ingine waipinde na kuichimbia, halafu waweke uzito uleule juu ya kila moja. Wataona tofauti kwa macho.

Kuko neno lingine ambalo mimi ninalipenda kuliko fizika. Mwingereza Colin Turnbull, aliyekaa na Wambuti pale Epulu katika miaka ya 1950, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1961 habari ya mwanamke aliyegombana na mume wake. Mwanamke alianza kutoa majani ya nyumba, moja moja, polepole. Mume alinyamaza, na majani yakaendelea kutoka. Mwishoni mume aliona haya mbele ya watu, akasema kama majani yale yalikuwa machafu tu, na wote wawili wakaenda kuyaosha katika mto. Watu walicheka, na nyumba ikafunikwa tena. Munaona? Ukuta ulikuwa wake. Yeye aliyeujenga aliweza kuuondoa. Katika kambi zile, mwanamke akiwa na ugomvi na jirani, aliweza hata kugeuza mlango wake utazame upande mwingine. Nyumba ya namna ile inamsikiliza mwenye kulala ndani.

HESABU YA BASHI

Sasa tutoke porini twende Goma. Tangu mwaka 2022 mpaka mwanzo wa mwaka 2025, watu maelfu na maelfu waliokimbia vita walikaa katika kambi za kuzunguka mji ule: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na zingine. Mwanzo wa mwaka 2025 nyingi zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Lakini sura ya vibanda vyake wote tunaikumbuka: fito zilizopindwa, na juu yake bashi nyeupe ya plastiki. Ukitazama kutoka mbali ungesema ni nyumba za Ituri zimebadilisha nguo.

Ni sura moja, lakini si nyumba moja. Tupige hesabu.

Mashirika ya misaada yana kitabu chao cha vipimo kinachoitwa Sphere. Chapa ya mwaka 2018 inasema kama kila mtu anastahili nafasi ya metre karé 3,5 ndani ya nyumba, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Mama mwenye watoto wanne, ni watu 5, anahitaji 17,5. Akijenga kwa mzunguko, kipenyo kitakuwa metre 4,72 na ukuta utazunguka metre 14,8. Akijenga kwa pembe nne zilizo sawa, kila upande ni metre 4,18 na ukuta utazunguka metre 16,7. Nafasi ni ileile, lakini mzunguko unapunguza karibu metre mbili za ukuta. Ndege hakusoma hesabu na kiota chake ni cha mviringo. Sasa munajua sababu moja.

Lakini bashi inaharibu furaha yetu. Nyumba yenye sura ya nusu ya mpira, ngozi yake ya juu ni mara mbili ya sakafu yake. Kwa sakafu ya 17,5 inahitaji metre karé 35 za kufunika. Bashi moja inayopewa jamaa mara nyingi ni metre 4 kwa 5, ao 4 kwa 6. Hii kubwa ni metre karé 24. Tugawanye kwa mbili: sakafu haipiti 12, tena ni chini ya pale, kwa sababu bashi ni ya pembe nne na nyumba ni ya mviringo, mikunjo inakula mingi. Kwa watu 5, ni metre karé mbili na kidogo kwa mtu. Ndiyo maana kama mama alipewa bashi moja, hata akiwa fundi hodari, hakuweza kujenga nyumba ya kutosha. Kosa halikuwa katika mikono yake, lilikuwa katika mgawanyo wa bashi.

Tena udongo. Fito ya Ituri inaingia katika udongo laini wa pori. Goma imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyomwaga moto mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Pale fito haiingii. Watu wanaikaza kwa mawe waliyoyapanga chini, na upinde wenye kukazwa kwa mawe hauna nguvu sawa na upinde uliochimbiwa. Choo vilevile: kuchimba shimo katika jiwe lile ni kazi ya siku nyingi, basi wanajenga vyoo vya juu, vyenye ngazi, na kila mtu anaona nani anapanda.

Na tofauti ya mwisho, ile kubwa. Majani ya mongongo yanaachia moshi na hewa, lakini hayaachii macho. Bashi inafanya kinyume. Mchana inafungia joto, usiku pumzi ya watu inageuka maji na kudondoka juu ya watoto. Ukiwasha taa ndani, kivuli chako kinaonekana inje, mtu anaweza kuhesabu mko wangapi na kujua kama kuko mwanaume ao hakuna. Na kisu kimoja kidogo kinaipasua kutoka juu mpaka chini, bila kelele.

MCHWA, KWA UFUPI

Juu ya joto na hewa, watu wanapenda kutaja mchwa. Katika mji wa Harare, inchi ya Zimbabwe, kuko jengo kubwa la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996. Arshitekti wake Mick Pearce alifikiri juu ya kichuguu: hewa baridi ya usiku inapitishwa ndani ya jengo, matofali na beton zinaitunza, mchana joto linatoka kwa dohani za juu. Jengo linafanya kazi bila mashine za kawaida za kupoza hewa. Hata hivyo, mwaka 2008 wataalamu wawili, Turner na Soar, walionyesha kama kichuguu hakifanyi kazi kama dohani tu. Kinafanana zaidi na mapafu: upepo wa inje unasukuma na kuvuta, na ukuta wenyewe, wenye vitundu vidogo sana, unapumua. Basi Pearce alijenga nyumba nzuri kwa kufuata mafundisho ambayo mchwa hawakuyatoa sawasawa. Haidhuru. Nyumba inafanya kazi.

Kwa kibanda chetu tuchukue jambo moja: tundu la hewa likae juu, kupita kichwa cha mtu mrefu, chini ya kipande cha bashi kinachotokea kama ukingo wa kofia. Hewa ya moto inapanda na kutoka. Macho hayaingii. Tundu lingine dogo chini, upande wa kitanda, lenye kuzuiliwa na mawe. Kazi ya nusu saa.

HONDOHONDO ANAFUNGA MLANGO

Sasa tunafika kwa mwalimu mkubwa wa somo hili. Ni ndege wa mdomo mrefu, wengine wenye pembe juu ya mdomo, na wale wakubwa wa pori wakipita juu ya miti mabawa yao yanalia kama mtu anayevuta hewa kwa nguvu. Kwa Kiswahili anaitwa hondohondo.

Wakati wa kutaga, jike anaingia ndani ya tundu la mti. Halafu anaufunga mlango. Anaufunga yeye mwenyewe, kutoka ndani, kwa udongo, mabaki ya matunda na mavi yake. Inakauka kuwa ngumu. Anaacha ufa mwembamba tu, unaotosha kupitisha ncha ya mdomo. Nyoka hapiti, nyani hapitishi mkono. Tena kwa hondohondo wa namna nyingi, jike akiwa ndani anaacha manyoya yake makubwa ya mabawa yaanguke na kuota mapya, basi kwa muda hawezi hata kuruka. Ni dhaifu kabisa. Mlango ule ndio nguvu yake yote. Anakaa humo wiki nyingi, na wakubwa wa pori wanapita hata miezi.

Mlango wa kufungwa na mwenye kulala ndani: hii ndiyo tunaikosa katika vibanda vingi. Wengi wanatia kadena upande wa inje. Ni vizuri mchana, ukienda sokoni. Lakini kadena ya inje inalinda sufuria na blanketi. Usiku, mtu akiwa ndani, haina kazi. Tena mtu mbaya anaweza kukufungia humo. Komeo la ndani, kipande cha mti kigumu katika vitanzi viwili vya chuma, ndilo linalinda mtu. Na komeo linataka mlango wenye fremu ya mbao, na fremu inataka nguzo mbili zilizosimama imara. Basi fundi mwenye akili anaanza kibanda kwa mlango. Nguzo za mlango kwanza, fito baadaye. Sisi tumezoea kinyume: mlango unakuja mwisho, na unatengenezwa kwa kipande cha bashi kilichobaki.

Lakini ngojeni, hondohondo hajamaliza. Ule ufa ni wa nini? Dume anakuja kila siku na matunda, anayapitisha katika ufa. Bila yeye, jike na watoto wanakufa njaa nyuma ya mlango wao mzuri. Mlango uliofungwa unafaa kwa sababu chakula kinaingia.

Hapa tukumbuke mambo ya Goma, na tuyaseme kwa uangalifu, kwa sababu wamoja kati yetu wanayajua kwa jamaa zao. Katika mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walitunza katika Congo zaidi ya watu 25.000 waliotendewa jeuri ya mwili, karibu wote wanawake na wasichana, na wengi sana katika kambi za kuzunguka Goma. Wamama wengi walisema kama walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni ao chakula, mbali na kambi, upande wa pori la Virunga. Hawakuwa katika vibanda vyao. Tungeweka komeo la ndani kwa kila mlango, na bado mama angefungua asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, akijua hatari iko wapi, kwa sababu watoto hawali unga mbichi.

Basi arshitekti anayechora nyumba ya kukimbilia ya wamama na kuacha kuni inje ya karatasi yake, amechora nusu. Mpango wa nyumba unafika mpaka pale mama analazimika kwenda: kisima, choo, kuni. Makala ao kuni zigawanywe ndani ya kambi pamoja na unga. Jiko la udongo lenye kufunikwa, linalokula kuni kidogo, lihesabiwe kuwa sehemu ya nyumba kama vile paa. Bila ya hayo kiota ni kizuri na ufa umezibwa.

Kwa choo, kitabu kile cha Sphere kinasema wazi: choo kimoja kwa watu 20, umbali usiopita metre 50 toka nyumba, kifungio cha ndani, taa, na pale penye vyoo vya watu wote, vya wanawake viwe mara tatu kuliko vya wanaume. Mtu anaweza kufikiri ni maneno madogo. Aende yeye metre 200 usiku, katika mvua, kati ya vibanda asivyovijua, halafu atuambie.

NANI ANAKUBALI NYUMBA?

Munajua wale ndege wadogo, manjano na weusi, wanaosuka viota vingi juu ya mingazi na kupiga kelele siku nzima. Dume ndiye anasuka. Mlango anauweka chini ili adui asiingie kwa urahisi. Akimaliza ananing'inia kwa kichwa chini, anapigapiga mabawa, anaita. Jike anakuja, anaingia, anavuta majani kwa mdomo, anatazama. Kama hapendi, anaondoka. Kiota kikikaa siku nyingi bila kukubaliwa, dume anakibomoa mwenyewe na kuanza kingine mahali palepale. Hakuna kuulizana juu ya kazi nyingi aliyofanya.

Ninawaza kama mashirika yangefanya vile: fundi asilipwe mpaka wamama wawili watatu waingie katika kibanda cha kwanza, wafunge komeo, wawashe taa usiku wengine wakisimama inje kuangalia vivuli, kisha waseme ndiyo ao hapana. Ingepunguza bei, si kuongeza, kwa kuwa kosa lingeonekana katika kibanda kimoja kabla ya kurudiliwa mara elfu.

Kuko mahali ambapo wamama hawakungoja kuulizwa. Katika inchi ya Kenya, kwa Wasamburu, wanawake 15 walianzisha kijiji cha Umoja mwaka 1990, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli. Ni wanawake waliokimbia jeuri na kufukuzwa. Walijenga nyumba kwa namna ya kwao, fito, udongo na mavi ya ng'ombe, kazi ambayo kwa Wasamburu ni ya wanawake tangu zamani, na kijiji chote wakakizungusha ua wa miiba. Miti ya miiba ya inchi kavu inazuia fisi. Inamzuia na mtu pia, ao angalau inamfanya apige kelele akiingia. Tena walitafuta namna ya kula: walitengeneza shanga na kuziuza kwa wageni wanaopita kwenda kutazama nyama za pori. Ua na chakula, kama hondohondo. Wanaume hawakai mule.

Kwetu, Bukavu, kuko nyumba za namna ingine, za kukaa muda mrefu zaidi: Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Mukwege mwaka 1999, inawapokea wamama na hata baada ya dawa inawatafutia mahali pa kukaa, na Mji wa Furaha, uliofunguliwa mwaka 2011, unapokea wanawake 90 kwa miezi sita, wanajifunza, halafu wengine 90 wanaingia. Haya ni majengo ya kudumu, hatutayapima hapa. Lakini mama hafiki huko siku ya kwanza. Siku ya kwanza anafika kwenye fito na bashi, na ni juu ya siku ile tumeandika.

KAZI YA DARASA

Wale wa hesabu: jamaa ya watu 4, kipenyo cha sakafu ni ngapi, na bashi za metre 4 kwa 6 zinahitajiwa ngapi? Msisahau mikunjo.

Wale wote: chukueni kamba yenye mafundo kila metre, mupime toka mlango wa bweni la wasichana mpaka choo chao, na toka bweni la wavulana mpaka chao. Andikeni hesabu zote mbili. Kisha mutazame kila mlango wa choo: kifungio kiko ndani, kiko inje, ao hakipo? Taa inafika mpaka wapi? Wasichana ndio washike kamba na kuandika, wavulana wabebe mawe ya alama. Karatasi zipelekwe kwa mwalimu wa hesabu kabla ya Ijumaa, na namba zitachapwa katika jarida linalofuata vile zitakavyokuwa.